UZI: Albatrosi, jirani yetu wa kusini ambaye hajawahi kutia mguu Mtwara

Baharia wa Msangamkuu

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa mnaostahili.

Jana nilikuwa pale feri nasubiri kivuko cha kurudi Msanga Mkuu, vijana wawili pembeni yangu wanaangalia klipu kwenye simu, lidege leupe lina mabawa marefu membamba kama foromali linapita katikati ya mawimbi halipigi bawa hata mara moja. Mmoja anamwambia mwenzie achana nayo, hiyo wametengeneza na kompyuta. Nikawaambia wanangu huyo ni albatrosi na mimi nimekaa naye miaka mitatu. Wakaniangalia kama unavyomwangalia mzee anayeongea peke yake, kivuko kikaja tukaachana. Nimefika nyumbani usingizi hauji, nikasema ngoja nishushe uzi, atakayesoma asome.

Mimi nilikuwa meli ya jodari 2011 mpaka 2014, jina la meli na mwenye nayo naliacha, sitaki kesi uzeeni. Tulikuwa tunaondokea Durban tunateremka huko chini nyuzi 35, nyuzi 40 kusini ya ikweta, baridi yake mtu wa Mtwara ukimsimulia anaona unamtania. Huko ndiko aliko huyu ndege.

Kwanza chukueni ramani. Weka kidole Mtwara mjini halafu shuka nacho kusini moja kwa moja. Utaikata Msumbiji, utatokea baharini kati yake na Madagaska, kisha maji matupu, maji matupu, kilometa kama 4,000 hivi toka ulipoanzia utakuwa karibu na visiwa viwili vidogo vya Afrika Kusini, Prince Edward na Marion. Marion ipo kwenye mstari unaopita kati ya Tunduru na Masasi, yaani mtu wa Masasi akishuka na mstari wake anapishana nayo kidogo tu. Na hapo Marion ndipo wanapotagia kama robo ya albatrosi wakubwa kabisa duniani, wale wazungu wanaowaita wazururaji. Kwa hiyo ni jirani. Hatutembeleani tu.

Mabawa yake toka ncha hadi ncha yanafika mita tatu na nusu, hakuna ndege aliye hai anayemfikia. Bajaji ina mita mbili na nusu na kidogo. Uzito wake kilo nane, tisa, dume zito linapita kumi.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza.

Kiroboto

Natafuta siti mbele kabisa. Mzee kilo kumi hiyo akipatikana hapa feri kilo moja inaendaje??

Chuma cha Masasi

Hapo kwenye kutopiga bawa umetupiga kamba mkuu. Hata mwewe anapiga bawa. Ndege wa kilo kumi anakaaje hewani bila kupiga bawa, anatumia mafuta gani?

Baharia wa Msangamkuu

@Kiroboto nyama yake mabaharia wa zamani walikuwa wanakula, mimi sijaila, inanuka mafuta ya samaki hata kabla hujamgusa.

@Chuma swali lako ndilo nililokuwa nalo wiki ya kwanza. Nikawa nikitoka zamu nakaa nyuma ya meli namwangalia tu. Bora umeuliza kwa mtu wa pwani, maana mtu aliyewahi kupanda jahazi linapiga bisho anaelewa haraka.

Iko hivi. Upepo ukiwa chini kabisa juu ya maji unakuwa mzito, mawimbi yanaukwaza, lakini ukipanda mita kumi na tano tu unakuta unakimbia kweli kweli. Albatrosi anaanzia chini kwenye bonde la wimbi, anageuza kifua kuukabili upepo, unamnyanyua kama tiara. Anapopanda anakutana na upepo wenye nguvu zaidi kila hatua, akifika juu anageuka, upepo unakuwa mgongoni, anateremka nao kasi mpaka ncha ya bawa inakaribia kukwangua maji, halafu anageuka tena anapanda. Hivyo hivyo mchana na usiku. Mafuta yake ni ule upepo. Na bawa lenyewe lina kano begani ambayo akishalinyoosha inalifunga hapo hapo, kama unavyopiga kabari mlango, msuli haufanyi kazi ya kulishikilia. Wataalamu wamepima mapigo ya moyo wake akiwa angani wakakuta hayapishani sana na akiwa ametulia. Wewe ukipanda ngazi za hospitali unahema, yeye anakata Bahari ya Hindi moyo umetulia.

Kazi kwake ni kuruka toka majini. Lazima akimbie juu ya maji kama mtu anayefukuzia daladala, miguu pa pa pa pa, mpaka apate upepo. Siku ya shwari haruki kabisa, anaelea tu kama dumu.

Mwalimu wa Nachingwea

Mzee wangu shikamoo. Nafundisha baiolojia, naomba niongezee kidogo kwa wale wadadisi.

Wafaransa wawili, Jouventin na Weimerskirch, mwaka 1990 walichapisha matokeo baada ya kuwafunga albatrosi wa visiwa vya Crozet vifaa vya setilaiti. Mmoja akiwa kwenye zamu ya yai mwenzie anakwenda kutafuta chakula, na safari moja tu ya kutafuta chakula ilikuwa kati ya kilometa 3,600 na 15,000. Yaani anatoka nyumbani kufuata mboga anazunguka umbali wa kwenda Ulaya na kurudi, halafu anarudi kwenye kiota kilekile anampokea mwenzie. Na kuna wale wenye kichwa cha kijivu wa kisiwa cha South Georgia, mmoja alipimwa kaizunguka dunia yote kwa siku 46.

Jambo lingine ni maji ya kunywa. Hawana maji baridi huko, wanakunywa ya bahari. Juu ya macho wana tezi zinazochuja chumvi, inatoka kwa matone kupitia puani na kuteremka kwenye mdomo. Pua zao ni mirija miwili midogo kando ya mdomo, na tofauti na ndege wengi hawa wananusa vizuri mno.

Baharia wa Msangamkuu

Marahaba mwalimu. Hiyo ya kunusa naithibitisha, tukifungua tu maboksi ya chambo upeo wa macho unakuwa mtupu, baada ya nusu saa wamejaa nyuma ya meli kama kuku walioona mchele.

DadaMikindani

Jamani mimi nataka mambo ya familia. Wana ndoa hawa au ndo hivyo hivyo kama wanaume wa humu

Baharia wa Msangamkuu

Hahaha dada yangu hapo umegusa.

Uchumba wao ni mrefu kuliko wa enzi za babu zetu. Kijana akitoka kiotani anaingia baharini na hagusi nchi kavu miaka mitano, sita. Akirudi kisiwani anaanza kujifunza ngoma. Ni ngoma kweli, wanasimama wanatazamana, wananyoosha mabawa yote, wanainua midomo juu wanalia, wanagonganisha midomo tatatata. Anacheza na huyu, na yule, mwaka huu, mwaka ujao, kidogo kidogo idadi ya wanaocheza naye inapungua mpaka anabaki mmoja. Kuja kutaga yai la kwanza ana miaka kama kumi.

Na yai ni moja. Moja tu, na hawa wakubwa wanataga mwaka mmoja wanaruka mwaka, kwa sababu yai linalaliwa karibu wiki kumi na moja, kwa zamu, baba na mama, halafu kinda linakaa kiotani miezi tisa kwenye theluji na upepo likingoja kuletewa chakula. Likifikiwa na adui linamtemea mafuta yanayonuka ya tumboni. Mwaka unakwisha wote kwenye mtoto mmoja.

Mwalimu wa Nachingwea

Na talaka zipo, dada. Utafiti wa visiwa vya Falkland kwa wale wenye nyusi nyeusi ulionyesha miaka ya kawaida ni ndoa tatu nne kwenye mia zinazovunjika, lakini miaka maji ya bahari yanapokuwa na joto zaidi zinapanda mpaka karibu nane. Maji moto chakula kinapungua, mmoja anachelewa kurudi, mwenzie anachoka kungoja.

Kiroboto

Kwa hiyo chanzo ni kukosekana mboga nyumbani. Sawa na hapa Shangani tu 😂

DadaMikindani

Anayekwenda kilometa elfu kumi na tano kufuata mboga na anarudi kweli na mboga. Naomba namba yake.

Chuma cha Masasi

Okay nimekubali. Ila swali langu la pili, kama ni jirani na anaweza kuzunguka dunia siku 46, mbona hapa hatumuoni? Babu yangu mzaa mama alikuwa anasema kaona lindege leupe mdomo mkubwa Ruvuma mdomoni kule.

Baharia wa Msangamkuu

Mdomo mkubwa wenye mfuko chini? Huyo ni mwari huyo. Huwa anashuka kwenye mito na mabwawa, anaogelea kwa vikundi. Albatrosi mdomo wake mrefu umepinda ncha kama kulabu, na hana habari na mto.

Kutokuja kwake ni mambo ya upepo. Sisi tuna kusi, tuna kaskazi, na katikati kuna maleleji, bahari inalala kama kioo. Huyu hawezi kuishi kwa upepo wa msimu. Kule chini upepo wa magharibi unavuma mwaka mzima hauna likizo, unaizunguka dunia yote hauna bara la kuukinga. Akipanda huku kwenye joto na shwari anakuwa kama jahazi lililokwama, pa kwenda hana. Pale Durban wakati wa baridi wanakuja wale wadogo wenye mstari wa njano juu ya mdomo, wengi tu, lakini kuja mpaka Ruvuma ni safari nyingine.

Wako wengine Pasifiki ya kaskazini, Hawaii na Japani, na aina moja wanataga pale Galapagos kwenye ikweta kabisa, ila pale panapita mkondo wa maji baridi.

Mwalimu wa Nachingwea

Kwa kuwa umetaja Hawaii, hapo Midway yupo bibi mmoja aina ya Laysan, wamempa jina Wisdom. Alivalishwa pete mguuni mwaka 1956 na mtaalamu Chandler Robbins, wakati huo akiwa tayari anataga, kwa hiyo si chini ya miaka mitano. Hebu fikirieni, 1956 TANU ina miaka miwili, uhuru bado. Mwishoni mwa 2024 akataga tena akiwa na miaka 74 kwa hesabu ya chini, na Januari 2025 yai likaanguliwa. Pete yake ya sasa ni nyekundu, Z333. Robbins mwenyewe alishafariki, ndege bado anazaa.

DadaMikindani

Miaka 74 bado analea. Huyo wampe pensheni

Chuma cha Masasi

Mzee umesema ulikaa nao miaka mitatu lakini hujasema mlikuwa mnawafanyia nini. Meli ya jodari haiendi kuangalia ndege.

Baharia wa Msangamkuu

Nilijua mtu atauliza.

Wale wenzangu wa dhulumati mnanielewa. Hapa kwetu mtu anatega dhulumati ya ndoano mia, mia mbili. Sisi uzi mmoja ulikuwa kilometa mia na zaidi, ndoano elfu tatu, kila ndoano ina chambo, kibua au ngisi. Kuzitupa inachukua masaa. Sasa chambo kikitoka nyuma ya meli hakizami hapo hapo, kinaelea sekunde kadhaa, na albatrosi anaokota chakula juu juu ya maji, hajui kupiga mbizi ya maana. Anakiona kibua, anakimeza, ndoano imo ndani. Uzi unazama naye. Hutamsikia wala kumuona, wewe unatupa ndoano inayofuata.

Utamuona kesho yake mnapovuta. Unategemea jodari, inakuja bawa. Limelowa, jeupe, linatoka majini halimaliziki. Mara ya kwanza nilidhani ni nguo.

Kuna siku tulivuta saba. Msimamizi wa uvuvi alichokasirikia ni chambo saba zilizoliwa bure.

Na hapa ndipo ile hesabu niliyomwambia dada inapouma. Ndege anayeanza kutaga na miaka kumi, yai moja kila miaka miwili, ukimuua mama kinda kule kisiwani halitapona, baba peke yake hawezi, na yeye atakaa miaka kabla hajapata wa kucheza naye tena. Kuna makadirio ya albatrosi laki moja wanaokufa kwa ndoano kila mwaka duniani kote. Aina ziko 22 tu na nyingi zimo kwenye orodha ya hatari.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi, haifiki hata bei ya kuipaka rangi meli. Unafunga kamba ndefu nyuma ya meli ina vitambaa vya rangi vinapepea, ndege anaogopa kusogea chambo kinapotua. Wajapani wavuvi wa jodari ndio waliibuni, wanaiita tori, maana yake ndege. Unaweka uzito wa risasi karibu na ndoano izame haraka. Au unatega usiku na taa umezizima. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ile yenye makao Shelisheli, ilipitisha mwaka 2012 kwamba meli ya dhulumati ikishuka kusini ya nyuzi 25 itumie angalau mbili kati ya hizo tatu. Sisi kamba tulikuwa nayo. Ilikuwa stoo, mpya, kwenye nailoni yake. Tuliitoa siku moja, wakaguzi walipopanda bandarini, tukaipiga picha tukairudisha.

Mwalimu wa Nachingwea

Mzee hiyo ya stoo imeniuma. Ila wenye meli za namna hiyo wajue ndege wenyewe sasa hivi ni askari. Wafaransa waliwafunga albatrosi 169 vifaa vidogo vinavyonasa mawimbi ya rada ya meli, kwa kuwa ndege anafuata meli mwenyewe bila kutumwa. Matokeo yalitoka 2020, kwenye maji ya kimataifa zaidi ya theluthi moja ya meli walizozikuta zilikuwa hazirushi alama ya utambulisho, yaani wamezima wasionekane. Ndege kawaona.

Kiroboto

Polisi jamii wa baharini. Mimi nimeacha utani sasa naomba muendelee.

DadaMikindani

Na huko kisiwani je, si wako salama angalau? Hakuna watu

Baharia wa Msangamkuu

Wakazi wa kudumu hakuna, kuna panya.

Meli za kuwinda sili za karne ya kumi na tisa ziliwaacha Marion panya wadogo hawa wa ndani ya nyumba. Mwaka 1949 hivi wakapelekwa paka watano wawakamate. Paka wakaona ndege ni rahisi kuliko panya, walipofika miaka ya 70 wale watano ni zaidi ya elfu tatu na wanaua ndege karibu laki nne na nusu kwa mwaka. Ikabidi kuwawinda paka, wakaisha 1991. Panya wakabaki bila bwana. Sasa kisiwa kinapata joto, panya wanazaliana, wadudu wameisha, wamegeukia makinda ya albatrosi. Wanakula usiku, kinda limekaa. Halikimbii, maana vizazi na vizazi hakukuwa na kitu cha nchi kavu cha kulikimbiza. Mwaka 2023 wakaanza kuonekana hata wakubwa wameliwa hivyo hivyo, kilo nane imekaa kwenye kiota inatafunwa na kitu cha gramu ishirini. Waafrika Kusini wanachangisha hela wamwage sumu kisiwa kizima kwa helikopta. Waingereza walijaribu kisiwa chao cha Gough 2021, panya wachache wakabaki, wakajaa tena.

Chuma cha Masasi

Daah. Mimi nilikuja kubishana tu.

Mzee kwenye hao mliovuta, hakukuwa na hata mmoja mwenye pete kama ya yule bibi?

Baharia wa Msangamkuu

Alikuwepo. 2013, mwezi wa saba. Pete ya chuma mguu wa kulia, imeandikwa MUSEUM PARIS na namba. Msimamizi alisema tupa, maana ikionekana bandarini ni maswali. Ndege nikamtupa. Pete niliikata kwa koleo nikaitia kwenye soksi.

Mwalimu wa Nachingwea

MUSEUM PARIS ni pete za Wafaransa! Huyo atakuwa wa visiwa vyao vya Crozet, Kerguelen au Amsterdam. Mzee ile pete ipo? Ile namba wakiipata wanajua alizaliwa mwaka gani, kiota kipi, mwenzie nani.

Halafu ajabu yake, Crozet hiyo hiyo mwaka 1887 meli ya Kifaransa Tamaris ilivunjika, mabaharia 13 wakakwama kisiwani. Wakaandika ujumbe kwenye kipande cha bati wakamfunga ndege mkubwa wa bahari shingoni, magazeti ya wakati ule yaliandika albatrosi. Ndege akaokotwa amekufa ufukweni Fremantle, Australia, ujumbe unasomeka. Meli ikatumwa kuwaokoa, ikakuta wameshaondoka na mashua kuelekea kisiwa cha jirani. Hawakuonekana tena.

Baharia wa Msangamkuu

Mwalimu umenifanya niache chai nipekue sanduku zima. Haikuwemo. Kumbe bi mkubwa aliitoa siku nyingi, kaifungia funguo za banda la kuku, anasema alidhani ni kitu cha boti.

DadaMikindani

😂😂 mzee mwache mama, pete imepata kazi

Baharia wa Msangamkuu

Namba zipo zote, hazijafutika hata moja. Picha hiyo hapo. Mwalimu itume wewe kwa hao Wafaransa, andika tu ilitoka baharini, nyuzi 36 kusini, Julai 2013, ndege alikuwa ameshakufa. Kama watajibu uniambie alikuwa na miaka mingapi.

Samahani kwa ukucha huo pichani.